Tolkien: Sifa Anastahili, au Sinema Ndiyo Imembeba?

Hivi, msomaji wangu, umeshawahi kuishi na mtu ambaye kila sikukuu lazima aangalie The Lord of the Rings zote tatu, na ukithubutu kuuliza huyu ni nani unaambiwa “subiri kwanza, hapa ndipo patamu”? Mimi ninaishi naye. Ndiyo maana nikaamua kukisoma kitabu chenyewe, kurasa zaidi ya elfu moja, nione kama J.R.R. Tolkien ni gwiji kweli au amebebwa na Peter Jackson.

Hilo la kubebwa tulitupe mapema. Sinema ya kwanza ilitoka 2001. Miaka minne kabla, 1997, wateja wa maduka ya vitabu ya Waterstone's kule Uingereza walishapiga kura na kukitangaza kitabu hicho kuwa bora cha karne nzima. Baadhi ya wasomi walinuna kweli! Wala hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1956 mhakiki wa Marekani, Edmund Wilson, alikiona ni upuuzi wa kitoto. Mwaka 1961 rafiki yake C.S. Lewis alimpendekeza kwa Tuzo ya Nobel, lakini waamuzi wakasema usimulizi wake haujafikia kiwango. Akachukua Ivo Andrić wa Yugoslavia.

Kitoto? Hapana bwana. Mwaka 1916 huyu mtu alikuwa kwenye mahandaki ya Somme, Ufaransa. Alirudi nyumbani mgonjwa, na vita ilipokwisha marafiki zake wa karibu, isipokuwa mmoja, walikuwa wamekufa. Sasa msome Frodo anaporudi kwao: kazi kaimaliza, watu wanasherehekea, yeye hawezi tena kufurahia kitu. Mtu asiyejua msiba haandiki hivyo. Halafu zile lugha! Tolkien alikuwa profesa Oxford, na lugha alizitunga kwanza, hadithi ikafuata. Ndiyo maana majina yake yanasikika kama yana ukoo.

Ila kuna mambo mawili yananikera, na sitayamezea mate.

La kwanza, wanawake. Wanahesabika. Penzi la Aragorn na Arwen, lile linaloliza watu kwenye sinema, kitabuni limewekwa zaidi kwenye viambatisho huko nyuma kabisa, eti kama risiti! Na mwandishi mwenyewe ana kisa cha mapenzi cha kufa mtu. Alimpenda Edith Bratt akiwa na miaka 16, binti ana 19. Padri aliyekuwa mlezi wake akampiga marufuku hadi afikishe 21. Siku anafikisha, akaandika barua. Kumbe Edith ameshachumbiwa na mwingine! Akamfuata, binti akavunja uchumba, wakaoana Machi 1916. Leo wamelala kaburi moja Oxford, na chini ya majina yao yameandikwa Lúthien na Beren, wapenzi wa hadithi zake. Mtu mwenye moto huo anawezaje kumbania Arwen?

La pili ni zito zaidi. Watu wa kusini, wenye ngozi nyeusi, wanapigana upande wa shetani, na hakuna hata mmoja anayepewa nafasi ya kuongea. Kwa msomaji wa huku inauma. Kuna sehemu moja tu Sam anamwona askari wao amekufa, anajiuliza jina lake nani na kama kweli alikuwa mbaya. Sehemu nzuri sana, lakini fupi mno.

Kwa hiyo? Kwa dunia aliyoijenga na kwa jinsi anavyoandika hasara, sifa zake ni halali, na Nobel asingeiaibisha. Kwa mapenzi na kwa watu wa kusini, namkata maksi bila huruma. Nyumbani kwangu hukumu hii imekatiwa rufaa, na kesi bado inaunguruma.

Ukitaka kujaribu, anza na The Hobbit ya 1937, ni nyepesi. Na ukifika kwa Tom Bombadil ukahisi usingizi, ruka tu.