Mgeni wa Chunya asizikwe bila jina



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, Ijumaa hii tunaomba kuelekeza nasaha yetu Nyanda za Juu Kusini, katika wilaya ya Chunya mkoani Mbeya, ambako kwa muda wa karne nzima wageni wamekuwa wakiingia na kutoka. Swali letu ni moja: mgeni asiye na ndugu akipatwa na jambo huko, ni mlango wa nani atakaoubisha?

Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba palikuwa na mwanamke mweusi aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (S.A.W.) mjini Madina. Mwanamke yule akafariki, na masahaba wakamzika bila ya kumwarifu Mtume, kana kwamba jambo lake ni dogo. Mtume alipomkosa aliulizia habari zake. Alipoambiwa kwamba amekwisha kufa, hakupendezwa na kutoarifiwa. Akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda, akamsalia hapo hapo kaburini. Baadhi ya wapokezi wamemtaja mama huyo kwa jina la Ummu Mihjan.

Tumeanza na kisa hiki kwa kuwa yako maeneo katika nchi yetu ambako mtu anaweza kuishi miaka mitano akajulikana kwa lakabu tu. Machimbo ya dhahabu ni mojawapo. Kijana hufika na begi lake, akapokewa kwenye duara, akapewa jina la utani kwa kabila lake, au umbo lake, au mji aliotokea. Siku kifusi kinapomwangukia, au homa inapomzidi nguvu, wenzake hutazamana. Kwao ni wapi? Ana mke? Ni Muislamu au ni Mkristo? Azikwe vipi? Wanalolijua ni lile jina la utani.

Tuitazame Chunya yenyewe. Wenyeji wake ni Wakimbu upande wa kaskazini, Wasafwa upande wa kusini, na Wabungu kuelekea Ziwa Rukwa, katika nchi ambayo sasa imo katika wilaya na mkoa wa Songwe. Dhahabu iligunduliwa katika eneo la mto Lupa mwaka 1922. Bei yake ilipopanda duniani mwanzoni mwa miaka ya 1930, watu walimiminika: Wazungu wa mataifa mbalimbali, Wahindi wenye maduka, na maelfu ya Waafrika kutoka Unyakyusa, Unyiha, Unyamwezi na hata ng'ambo ya mipaka ya Tanganyika. Mji wa Mbeya ulikua kwa kuyahudumia machimbo hayo. Kisha dhahabu ikapungua, mgodi mkubwa wa Saza ukafungwa katika miaka ya 1950, na wengi wakatawanyika.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Serikali ilipolegeza masharti ya biashara ya madini, wachimbaji wadogo walianza kurejea kwa wingi. Mwaka 2019 soko la madini lilifunguliwa Chunya, kama yalivyofunguliwa mengine mikoani. Mashamba ya tumbaku nayo huita vibarua kila msimu. Na wapo wafugaji wa Kisukuma na wa Kidatoga waliofika na ng'ombe wao. Baadhi yao walitokea bonde la Usangu, ambako wafugaji waliondolewa mwaka 2006 na 2007 kwa ajili ya kunusuru maji ya mto Ruaha Mkuu. Hivyo mchimbaji, mkulima na mchungaji wanakutana katika pori moja, na kila mmoja akitaka ardhi ile ile na maji yale yale.

Ndugu msomaji, hebu tutafakari jambo dogo kuhusu majina. Wadatoga wengi wetu tunawaita Wamang'ati, tena bila ya kukusudia ubaya. Lakini neno hilo limetoka kwa Wamasai, na maana yake ni adui. Basi mama wa Kidatoga anapoingia zahanati na mtoto mgonjwa mgongoni, akaitwa kwa jina hilo mbele ya foleni, ameitwa adui kabla hajasema shida yake. Katika Suratul Hujurat, aya ya 11, Mwenyezi Mungu ametukataza kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli. Na aya mbili tu baadaye, katika aya ya 13, ametufahamisha kwamba alitujaalia kuwa mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora wetu mbele Yake ni yule mchamungu zaidi. Kujuana, basi, ndiyo hekima ya kabila. Na kujuana huanza kwa kuitana majina tuliyopewa na wazazi wetu.

Lakini kujuana kunahitaji mahali. Watu wasipokuwa na mahali pa heri pa kukutana, watakutana kilabuni na mahakamani. Ndiyo maana tunapendekeza kwamba pale penye msikiti au madrasa katika miji ya machimbo kama Chunya na Makongolosi, patengwe chumba kimoja kuwa kituo cha jamii, kitakachomhudumia mkazi wa kabila lolote, na hasa yule ambaye watu wa kwao hapo ni wachache.

Wala jambo hili si geni katika dini yetu. Nyuma ya msikiti wa Mtume (S.A.W.) Madina palikuwa na mahali palipoezekwa, pakiitwa Suffa. Hapo walilala na kula wageni masikini wasiokuwa na jamaa mjini, nao walifundishwa dini. Miongoni mwao alikuwa Abu Huraira, mtu wa kabila la Daus kutoka Yemen. Mgeni yule aliyeshinda na njaa ndiye aliyekuja kuupokezea umma huu Hadithi nyingi kuliko sahaba mwingine yeyote. Aidha, Mtume aliwaunga udugu Muhajirina na Answari, mmoja kwa mmoja, ili kila mgeni awe na mtu wake wa kumwendea. Bilali mwenye asili ya Uhabeshi na Salman kutoka Uajemi hawakuachwa wajitafutie wenyewe wa kuwajua.

Hata katika historia ya nchi yetu mfano upo. Jijini Dar es Salaam, Mnazi Mmoja, upo ukumbi wa Arnautoglu, uliojengwa zama za ukoloni kwa fedha za George Arnautoglu, tajiri wa Kigiriki, uwe kituo cha jamii. Yeye mwenyewe alikuwa wa jamii ndogo, mgeni katika mji wa wengine, na alichoacha nyuma ni nyumba ya watu kukutana. Na karibu zaidi na Chunya, huko Rujewa wilayani Mbarali, wapo Wabaluchi ambao wazee wao walitoka mbali, ng'ambo ya bahari, na leo kwao ni Usangu. Mgeni akipokewa vyema, wajukuu zake huwa wenyeji.

Kituo tunachokisema hakihitaji fedha nyingi. Kinahitaji meza, kabati lenye kufuli, na watu waaminifu wa kukaa hapo kwa zamu. Kazi yake ya kwanza iwe ni daftari. Kila anayependa aandikishe jina lake kamili, dini yake, kijiji alichotoka, na jina la ndugu mmoja na namba yake ya simu. Serikali za vijiji zina daftari la wakazi, lakini mchimbaji huhama usiku mmoja akisikia dhahabu imetoka kwingine. Kwa hiyo daftari la kituo liwe la kumfuata huko aliko, tena litunzwe kama amana, lisiwe la kuchunguzia siri za watu.

Kazi ya pili iwe ni lugha. Wapo kina mama wa jamii za wafugaji ambao Kiswahili chao ni kidogo. Akipatikana binti mmoja anayejua Kisukuma, na mwingine anayejua Kidatoga, wakamsindikiza mama huyo kliniki au kumwandikisha mtoto wake shule, watakuwa wamefanya sadaka kubwa. Ya tatu ni suluhu. Ng'ombe wanapoingia shambani, wazee wa pande zote mbili wakae hapo kabla mapanga hayajatoka. Na ya nne ni ugonjwa na msiba: kumpeleka mgonjwa hospitali, na akifa, kumwosha, kumkafini, kumsalia na kumzika kama ni Muislamu, au kuwaita viongozi wa dini yake kama si Muislamu, na kuwapigia simu watu wa kwao siku hiyo hiyo.

Wapo watakaosema kwamba wageni wengine ni wezi, na wafugaji wengine hulisha mifugo kwa makusudi katika mazao ya watu. Hatukanushi. Mwenye kosa ashitakiwe kwa kosa lake, kwa jina lake. Dhulma huanza pale kosa la mmoja linapoandikwa kwenye paji la uso la kabila zima. Na yule asiyejulikana na mtu yeyote ndiye rahisi zaidi kusingiziwa, kama ambavyo yeye pia ni rahisi zaidi kupotea njia.

Wengine watauliza kwa nini msikiti umhudumie asiye Muislamu. Tunawajibu kwamba jirani ana haki yake kwa ujirani wake. Waislamu wa mwanzo, walipoteswa Makka, walikimbilia Uhabeshi wakapokewa na Najashi, mfalme wa Kikristo, ambaye alikataa kuwarejesha kwa watesi wao. Sisi tuliopokewa na wengine tutafungaje mlango wetu? Tena Waislamu wa Nyanda za Juu Kusini wanajua ladha ya kuwa wachache, kwani hawako kwa wingi kama ndugu zao wa pwani.

Ndugu zetu wenye familia, kuzika maiti ni fardhi kifaya. Wakitimiza baadhi, wengine wamesalimika. Wasipotimiza, mji mzima umepata dhambi. Lakini vipi tutatimiza haki ya maiti ambaye tulipokuwa naye hai hatukumuuliza jina? Leo baada ya swala, kila baba amtazame aliyeswali pembeni yake. Kama hamjui, amsalimie, amuulize jina lake na kwao, na kama hana pa kula, amkaribishe nyumbani. Na kila mama afanye vivyo kwa jirani aliyehamia, awe anauza uji karibu na karasha au anachunga ng'ombe porini.

Kisha wazee wa msikiti wanunue daftari. Ni shilingi chache tu, na huenda jina la kwanza litakaloandikwa humo likawa la kijana ambaye mama yake, katika kijiji cha mbali, hajapata habari zake kwa miaka.

Tunamwomba Allah (S.W.) awarehemu wote waliofia ugenini, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaojuana na kuhurumiana. Amin.

Wabillahi tawfiq.