Kalemie: Foni ya zamani inaweza kutuma barua bila rezo

Rezo ikikatika Kalemie, simu zote zinabaki saa na tochi. Raia wanakumbuka mwisho wa Desemba 2018: baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa siku zipatazo 20. Lakini foni, ile redio ya mawimbi mafupi ya parokia na mashirika ya misaada, haihitaji mnara wa kampuni yoyote. Inahitaji batri ya volti 12, waya wa antena na mtu wa kujibu upande wa pili. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba foni hiyo hiyo ikifungwa kwenye kompyuta inapeleka maandishi.

Si jambo jipya. Katika miaka ya 1990, PAM ilikuwa ikituma barua za kompyuta kwa redio katika Maziwa Makuu. Vifaa vya kazi hiyo vilikuwa vya bei kali. Leo kompyuta yenyewe inafanya sehemu kubwa.

Kwa nini maandishi, wakati sauti inatosha? Haut-Uele, vijiji vilipokuwa vikishambuliwa na LRA, habari zilipita kwa foni kila siku, na mtu alizisikiliza na kuziandika. Kazi hiyo iliokoa watu. Lakini yeyote aliyekaa mbele ya foni wakati wa mvua anajua: “watatu” inasikika “watano”, na jina la kijiji linarudiwa mara nne. Maandishi yakifika salama, yamefika kama yalivyoandikwa.

Ufungaji ni huu. Sauti inayotoka kwenye foni inaingia kwenye kompyuta, sauti ya kompyuta inarudi kwenye foni mahali pa maikrofoni, na waya wa tatu unafanya kazi ya kile kifungo cha kusemea. Katikati kunawekwa kisanduku chenye transfoma ndogo, ili mvumo wa umeme usipite. Redio mpya za wanaredio zina kisanduku hicho ndani. Kebo moja ya USB inatosha.

Makosa yanakuja baadaye. Mtu anafungulia sauti ya kompyuta hadi mwisho, akidhani ndiyo atafika mbali. Mawimbi yanachafuka na hakuna anayeelewa. Sauti iwe ndogo, nguvu ya foni ipunguzwe karibu nusu, kwa kuwa mitindo mingi ya namna hii haina pumziko kama maneno ya mtu, na foni inaungua. Tena, vidhibiti vya bei rahisi vya paneli za jua vinatoa kelele mbaya. Vizimwe wakati wa kusikiliza. Na radi ikianza juu ya ziwa, antena ichomolewe mara moja.

Programu ni za bure. FT8, iliyotoka 2017, ni kazi ya Joe Taylor, Mmarekani aliyepata Nobel ya fizikia 1993, na mwenzake Steve Franke. Inasoma mawimbi ambayo sikio halisikii kabisa, lakini saa ya kompyuta lazima iwe sahihi, na ujumbe huru hauzidi herufi 13. Ni ya kupima njia. Kwa sentensi nzima kuna JS8Call. Kwa barua pepe kuna Winlink, ambayo inapitia kituo chenye intaneti mahali pengine, hata nchi nyingine.

Kikwazo kikubwa ni karatasi. Masafa yanasimamiwa na ARPTC, na mwanaredio wa Kongo anaitwa kwa alama inayoanza na 9Q. Haruhusiwi kupanga bei ya samaki wala kuandika kwa siri. Na katika jimbo lililojaa vikundi vya silaha, foni isiyo na ruhusa inamletea mwenyewe maswali magumu.

Kuna na hili: kituo kimoja Kalemie hakisaidii kitu. Kinahitaji mwenzake Moba, Kabalo au Bukavu, mwenye programu ileile, masafa yaleyale, na saa ya kukutana ambayo wote wawili wanaiheshimu.