Mwanglikana Ugenini: Ushirika wa Kiroho Bujumbura

Mwanglikana anayetoka Dodoma, Kisumu au Kampala na kuhamia Bujumbura kwa kazi, masomo au biashara haendi kwenye kanisa la kigeni, kwa kuwa Kanisa Anglikana la Burundi, ambalo kwa miaka mingi liliitwa Kanisa la Kiepiskopali, yaani kanisa linaloongozwa na maaskofu, limo katika ushirika uleule wa ulimwengu ambamo limo kanisa lake la nyumbani. Ushirika huo ni muungano wa makanisa yanayojitawala, yanayoitwa majimbo, ambayo kwa desturi yamemheshimu Askofu Mkuu wa Canterbury ingawa hayapokei amri kutoka kwake. Burundi ilipata kuwa jimbo kamili mwaka 1992, baada ya kuwa katika jimbo moja na Rwanda na Zaire.

Mwaka 1888 maaskofu waliokutana Lambeth, London, walitaja mambo manne kuwa msingi wa umoja wa Kanisa: Maandiko Matakatifu, Kanuni ya Imani ya Mitume na ile ya Nikea, sakramenti za Ubatizo na Ushirika Mtakatifu, na uaskofu unaorithishwa tangu zamani. Ndiyo maana aliyebatizwa na kupata kipaimara kwao habatizwi upya Bujumbura, na hata asiyejua Kirundi hutambua, kwa mpangilio wa ibada tu, kwamba sasa watu wanaungama dhambi, sasa wanakiri imani, na kwamba jirani anayemnyoshea mkono akitamka neno “amahoro” anampa amani. Muha wa Kigoma hana hata haja ya kubahatisha, kwa sababu lugha yake na Kirundi zimekaribiana sana.

Hata hivyo, kufanana kwa ibada si ushirika wenyewe. Mtu anaweza kupokea mkate na divai kila Jumapili kwa mwaka mzima na bado asiwepo hata mmoja anayejua kwamba amefiwa au anaumwa, na huo ni upweke mzito kuliko ule wa mtu asiyekwenda kanisani kabisa. Kwa bahati njema, Uanglikana wa Burundi, ulioanza katikati ya miaka ya 1930 katika vituo vya misheni vya Matana na Buhiga, ulikua pamoja na Uamsho wa Afrika Mashariki, yaani ile harakati ya toba na wokovu iliyochipuka Gahini, Rwanda, ikaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Watu wa Uamsho hawakuridhika na ibada ya Jumapili pekee, bali walikutana katika vikundi vidogo ili kusoma Neno, kuungama waziwazi na kuombeana, na aliyetoka mbali alipokewa kama ndugu kwa ushuhuda wake, bila kuulizwa kabila lake. Kwa hiyo mgeni anayetafuta ushirika wa kweli hana budi kuuliza vikundi vya maombi hukutana wapi na lini, na mwanamke aulize pia habari za Umoja wa Akina Mama, chama kilichoanzishwa na Mary Sumner nchini Uingereza mwaka 1876, ambacho kimeshika mizizi Burundi. Barua ya utambulisho kutoka kwa kasisi wake, desturi ambayo inafaa kudumishwa, humrahisishia kujulikana mapema.

Wenyeji nao wanaufahamu ugeni. Vita na machafuko, hasa ya mwaka 1972 na yale yaliyoanza 1993, viliwasukuma Warundi kwa mamia ya maelfu hadi Tanzania, na Waanglikana miongoni mwao waliendelea kusali katika kambi za mkoa wa Kigoma, ndani ya eneo ambalo Dayosisi ya Tanganyika Magharibi, yenye makao yake Kasulu, ilikuwa ikihudumu. Wengi wa waliorejea baada ya Mkataba wa amani wa Arusha wa mwaka 2000 walirudi wakiwa wanazungumza Kiswahili, na mgeni anayeshindwa na Kirundi akitafuta wa kusali naye, hao ndio watu wa kuwaulizia kwanza.