Nguvu na Mshiko: Utangulizi wa Kuchagua kati ya Civic Type R na Golf R

Somo la magari madogo yenye mbio limejaa tarakimu, na mgeni huzikimbilia hizo kwanza: nguvu za farasi, mwendo wa juu, bei. Nakuomba tuanzie chini zaidi, pale tairi inapogusa lami. Hapo ndipo Honda Civic Type R ya mwaka 2017 na Volkswagen Golf R ya kizazi cha saba zinapoachana njia.

Zote mbili ni hachibeki, yaani gari fupi ambalo mlango wake wa nyuma hufunguka pamoja na kioo. Zote zina injini ya lita 2 yenye tabo, pampu inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe ili kuishindilia hewa ndani ya silinda. Ulaya, Honda ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 320, na Golf ilipotoka ilikuwa na 300. Lakini kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa, Honda hutumia sekunde 5.7, na Golf ya gia za mkono sekunde 5.1. Mwenye nguvu kidogo ametangulia! Ukilifumbua fumbo hili, nusu ya somo umeimaliza.

Sehemu ya tairi inayogusa barabara ni kama kiganja cha mkono. Sehemu hizo nne ndizo zinazolisukuma gari, zinazolifunga breki na zinazolipitisha kwenye kona. Uwezo wa tairi kung'ang'ania barabara tuuite mshiko. Mshiko una kikomo, na kazi zote huchota humo humo: ukiumaliza kwa kukanyaga mafuta, haubaki wa kukatia kona. Kama aya hii haijakukaa, irudie bila haraka, maana yote yanayofuata yanaitegemea.

Gari likiondoka kwa kasi, uzito huhamia nyuma. Honda huvutwa na magurudumu ya mbele tu, yale yale yanayopungukiwa uzito wakati huo, hivyo huserereka kwa urahisi. Golf huendeshwa na yote manne. Karibu na magurudumu yake ya nyuma kuna klachi ya sahani nyingi, inayobanwa kwa amri ya kompyuta. Ikibanwa, sehemu ya nguvu hupelekwa nyuma, kwenye uzito.

Utauliza, basi Honda ina nini? Hapa ndipo ninapopapenda mno. Difu ni gia zinazoyaruhusu magurudumu mawili ya ekseli moja kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona. Difu ya kawaida ina udhaifu: gurudumu moja likiteleza, la pili nalo hukosa nguvu. Type R ina difu yenye kizuizi, ambayo msuguano wa gia zake huisogeza nguvu kwenye gurudumu lenye mshiko. Tena wahandisi walitenganisha mhimili wa kugeuzia gurudumu na nguzo ya shokamzoba, ili usukani usivutwe upande dereva anapokanyaga mafuta. Na kwa kuwa halina propela ya kupeleka nguvu nyuma wala difu ya nyuma, gari ni jepesi zaidi. Aprili 2017 Type R ya majaribio ilizunguka Nürburgring, Ujerumani, njia ya mbio za magari yenye kilomita 20.8 hivi, kwa dakika 7 na sekunde 43.8, rekodi ya magari ya kuvutwa mbele wakati huo.

Kuna na gia. Type R hiyo ni ya gia za mkono pekee. Golf hupatikana pia na giaboksi ya klachi mbili: moja ikishika gia inayotumika, nyingine huiandaa inayofuata. Kwenye foleni ya Nairobi au Dar es Salaam, mguu wako utaiona tofauti hiyo.

Magari haya yaliuzwa Japani na Uingereza yakiwa na usukani wa kulia, kwa hiyo yanaweza kutufikia yakiwa yametumika. Mwenye gari moja tu, la mvua na kiangazi, nitamshauri Golf R bila kusita. Mwenye gari jingine la shughuli, anayetaka kujifunza kona kwa mikono yake, achukue Honda, ila akague rimu: ni za inchi 20, na tairi zake zenye ubavu mfupi haziyavumilii mashimo. Wa Golf aulize lini mafuta ya klachi ile ya nyuma yalibadilishwa, kwani yana ratiba yake mbali na ya injini.