Eda Ina Mwisho Wake



Juzi tuliitwa Ngoingwa, Thika, kusuluhisha familia moja ya watu wa pwani waliohamia huko. Mama wa nyumba hiyo ni mjane. Alikaa eda ya mumewe miezi minne na siku kumi, akaitimiza kwa heshima. Mwaka ulipopita akaalikwa Mombasa kwenye kupamba kwa mpwa wake. Kina mama walikuwa peke yao, milango imefungwa; ngoma ilipolia, naye akainuka akacheza chakacha. Habari zilipofika Ngoingwa, mawifi wakanuna, wakasema amemsahau marehemu.

Twakiri kwamba tulikwenda tukiwa tumeelemea upande wa mawifi. Lakini mama yule alitueleza kuwa usiku ule ndipo alipocheka mara ya kwanza tangu msiba, na aliporudi nyumbani akapata nguvu ya kuwasha jiko na kuanza kuuza mahamri. Sasa halisubiri tena bahasha la shemeji kila mwisho wa mwezi.

Tukarejea kwenye Kitabu. Katika Surat al-Baqara, aya ya 234, Mwenyezi Mungu ameiwekea eda muda maalumu, kisha akabainisha kwamba ukiisha, hapana lawama kwa lile mjane alifanyalo kwa nafsi yake kwa wema. Aliyeweka mwanzo ndiye aliyeweka mwisho. Sisi ni nani hata tuurefushe? Na imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba siku ya Idi, Abubakar (r.a.) aliwakemea vijakazi waliokuwa wakiimba nyumbani kwa Bibi Aisha, na Mtume (s.a.w.) akamwambia awaache. Twajua maulamaa wamekhitilafiana kuhusu ngoma. Hata hivyo, furaha ya wanawake faraghani, yenye sitara na isiyopoteza Swala, si jambo la kumvunjia mtu heshima yake.

Bibi zetu walilijua hilo. Mwanahistoria Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, ameeleza vyama vya lelemama. Wanawake walijipanga mstari, wakacheza kwa utulivu; lakini nyuma ya ngoma palikuwa na viongozi wao wenyewe, michango, na kusaidiana katika harusi na matanga. Katika miaka ya 1950, wanawake waliozoea kuongozana katika vyama hivyo walijitokeza pia katika jumuiya za kutafuta elimu na maendeleo ya wanawake. Mwanamke aliyefiwa hakuachwa akae pembeni peke yake.

Enyi mawifi na mashemeji, kumpenda marehemu si kumzika mkewe pamoja naye. Mpeni mjane fungu lake la mirathi, nalo ni thumuni ikiwa marehemu ameacha watoto, na robo ikiwa hakuacha. Kisha mwacheni aishi. Nawe mama, chunga sitara yako, muombee mumeo, wala usiione haya furaha yako.

Hatukuondoka Ngoingwa wote wakiwa wamekubaliana. Wifi mkubwa hakusema neno. Ila tulipokuwa tukivaa viatu mlangoni, tulimsikia akiagiza mahamri ya watoto wake, na akalipa.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na awape faraja waliobaki. Amin.