Je, Wajua? Kutoka kiwanja cha kriketi hadi picha la Kihindi

Salim Durani alikuwa kipenzi cha mashabiki wa kriketi India: wakimlilia apige mpira wa mikimbio sita, anaupeleka jukwaani. Alipoachwa nje ya kikosi cha mechi ya Kanpur mwaka 1973, mabango ya kumdai yalizagaa mjini humo. Mwaka huohuo akaonekana kwenye filamu ya Charitra, akiwa steringi mkabala na Parveen Babi, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza uigizaji.

Mwaka 1985 ikaja Kabhi Ajnabi The. Steringi ni Sandeep Patil, na adui wake ni Syed Kirmani, mlinda wiketi waliyetwaa naye Kombe la Dunia mwaka 1983! Kombe halikusaidia, filamu haikutamba. Hata hivyo wachezaji hawakukoma: mwaka 2022 Irfan Pathan aliigiza polisi katika Cobra, filamu ya Kitamil.