Baraza la Wanafunzi Si Viranja

Hapa Lambwe wengi wangali wanadhani baraza la wanafunzi wa shule ya msingi ni viranja waliobadilishiwa jina tu. Sivyo! Kiranja huteuliwa na mwalimu aandike majina ya wapiga kelele. Mjumbe huchaguliwa na wenzake apeleke kilio chao. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Kenya iliuridhia 1990, unadai mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu. Nami ninapowashauri wadogo zetu huwauliza: "Mnataka nini, na nani kawatuma?" Kisha nanyamaza, hata wakikawia. Wasichana wa darasa la nne hutaja choo kisicho na komeo. Mlezi akiwasemea, basi, ataomba mpira.